Mawe ya Mpagazi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, nilijua kwa hakika kwamba marehemu anaweza kumpinda mtu shingo. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha. Nje kidogo ya kijiji chetu, jirani na Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara, palikuwa na rundo la mawe lililonifika kifuani. Wazee walisema hapo ndipo alipoangukia mpagazi mmoja, pembe ya ndovu ikiwa bado begani. Kila apitaye humwongezea jiwe na kumwambia, "Pumzika." Ukichukua jiwe badala ya kuweka, anakutwika mzigo wake, na shingo yako hainyooki tena. Mimi niliongeza mawe kwenda na kurudi, hata nilipotumwa chumvi tu.

Zikaja siku za Ujamaa, tukataka darasa. Saruji ikaletwa, mabati yakaletwa, mawe ya msingi tukaambiwa tujitegemee. Na mawe ya karibu yalikuwa yale tu aliyokusanyiwa mpagazi miaka na miaka. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza mkutanoni kwamba Ujamaa hauna mizimu. Siku ya kubeba ilipofika, akawa na kikao cha ghafla Urambo.

Aliyejitokeza ni Mwalimu Anselmi, katekista wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya watu watatu. Alikuja na sisi watoto kumi na mmoja wa mafundisho ya kipaimara. "Mkristo hamwogopi marehemu, humwombea," akasema. Basi tukamwombea mpagazi pale pale, kisha tukabeba mawe yake kichwani kutwa nzima, mpaka rundo likabaki usawa wa goti. Nilirudi nyumbani nikijiona mtakatifu.

Asubuhi shingo haikugeuka.

Mtu mwenye akili ataniuliza: mtoto abebe mawe kutwa, shingo isimuume? Leo nami nauliza hivyo hivyo. Siku ile hakuna aliyeuliza. Bibi, ambaye kanisani hakukosa benchi la mbele hata Jumapili moja, aliniona nikigeuka mwili mzima kama mlango, akashika kichwa.

"Mayo wane, mama yangu wee! Kamrudishie jiwe lake, mjukuu wangu."

"Mwalimu alisema tusiogope, Bibi."

"Mwalimu hana mjukuu wa kuozesha. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nenda!"

Niliogopa kweli. Nilijiona naolewa huku natazama pembeni. Na kulikuwa na woga wa pili: kurudisha jiwe ni kumwambia Mungu kwamba mpagazi amemshinda nguvu, tena wiki mbili tu kabla Askofu hajanipaka mafuta. Hata hivyo mchana, watu walipokuwa wakila, nilikwenda kwenye msingi, nikachagua jiwe nililodhani ni langu, nikalifunga kwenye kanga, nikashika njia.

Rundoni palikuwa na mtu. Alinipa mgongo, amekumbatia jiwe kifuani, anaongea peke yake. Aliposikia hatua zangu hakugeuza kichwa. Aligeuka mzima mzima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Vero." Akalitazama furushi langu. "Umebeba nini?"

"Hicho hicho chako, Mwalimu."

Tulicheka, tukaumia, tukashika shingo wote wawili, tukacheka tena. Kisha akakaa chini, jiwe mapajani, uso ukambadilika.

"Sikulala, mwanangu. Nimesali rozari nzima, nikaogopa. Nikasali nyingine, nikaogopa. Nikaona heri nilirudishe, halafu nitatubu."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akikiri kwamba anaogopa. Nilitaka kulia, na nilimpenda sana.

"Sasa tufanyeje?" nikamuuliza.

"Tusali na woga wetu hivi hivi," akasema. "Mungu hakusema tusubiri uishe kwanza."

Tukasali. Woga haukuisha. Alinisaidia kuinua jiwe langu, nami nikamsaidia lake, tukarudi nayo mpaka kwenye msingi, yeye akitazama kulia, mimi kushoto. Shingo zilinyooka siku ya nne. Bibi alisema ni kwa sababu alikwenda rundoni kwa siri na kokoto mbili, moja yangu na moja ya Mwalimu. Hatukubishana naye. Darasa lilisimama, nami nilisoma humo.

Tangu hapo nimeogopa mengi: kujifungua, korido za hospitali, barua za serikali. Nimewasikia wahubiri wengi wakisema mwenye imani haogopi, nami huwapisha kwa heshima. Imani niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa ya mtu mfupi aliyekuja kurudisha jiwe, akabadili nia, akalibeba tena huku bado anaogopa. Nikiogopa leo, siombi woga uondoke. Naomba mtu wa kwenda naye, na mara nyingi nimempata.