Springi Nne Chini ya Rubani

Mdogo wa mke wangu ni mfupi. Nalisema hili mapema kwa sababu mwenyewe hulisema mapema kuliko mimi, na kwa sababu bila ufupi wake nisingekuwa na cha kuandika. Akisimama nyuma ya kochi la mgongo mrefu dukani kwangu, kidevu chake kinafika ukingoni, hakizidi. Nyumbani tunamwita Kisoda. Jina hilo alipewa na dada yake siku alipojificha nyuma ya ndoo na asionekane, na wakati huo hakuwa mtoto, alikuwa na miaka kumi na minane.

Kisoda anasomea urubani. Si ule wa kujifurahisha. Leseni hiyo ndogo alishaipata. Anatafuta ile ya kazi, ya kubeba watu na mizigo kwa ujira. Ili aipate anatakiwa awe amekaa hewani saa mia mbili, zilizoandikwa moja moja katika daftari lenye jalada gumu, kisha aruke na mtahini. Asubuhi anafanya kazi mapokezi pale pale chuoni, na ujira wake anauchukua kwa saa za ndege. Wengine hurudi nyumbani na mkate. Yeye hurudi na dakika.

"Leo nimepata saa moja nukta mbili," husema akivua viatu mlangoni.

"Nukta mbili hazipikiki," mke wangu humjibu.

Mimi ni fundi wa makochi. Nimesoma hadi darasa la saba, na kusema mbele ya watu sijui. Mteja akiingia dukani namwonyesha vitambaa kwa kidole. Siku ya harusi yangu niliombwa niseme neno moja, nikasema, "Asanteni," nikakaa upesi, nikakalia mkoba wa mama mkwe uliokuwa na miwani yake.

Hata hivyo Kisoda alinifanya mnara wa kuongozea ndege. Jioni huweka kiti cha jikoni katikati ya sebule. Ubao wa kupigia pasi ndio dashibodi, na mfuniko wa sufuria kubwa ndio usukani. Mimi nakaa kwenye kochi na karatasi aliyoniandikia maneno ya mnara. Nikisema jambo, yeye hulirudia lote ili nijue amelisikia.

"Mnara, naomba ruhusa ya kutua."

"Ruhusa ipo."

"Shemeji, sauti! Nitaanguka nikikusubiri!"

"Ruhusa ipo. Upepo kutoka kushoto."

"Nimepewa ruhusa, upepo kutoka kushoto."

Mke wangu hutokea jikoni ameshika sufuria kwa vitambaa viwili. "Na mimi naomba ruhusa ya kupita."

"Subiri, dada. Kuna ndege inashuka."

"Ndege ipishe. Mchuzi hauna breki."

Kisoda hunyanyua kiti, dashibodi na usukani, akapisha.

Kuruka, aliruka vizuri. Shida ilikuwa kutua. Ile ndege ndogo ya chuo huinua pua kidogo inapokaribia ardhi, na Kisoda akiwa kitini haoni kitu mbele isipokuwa pua hiyo. Kiti chenyewe kilishapandishwa hadi mwisho. Alijaribu kukalia vitabu vyake viwili vya hali ya hewa. Kimoja kikateleza, kikaingia chini ya pedali, na Kapteni, ndiye mkufunzi wake, akapiga marufuku vitabu ndegeni. Tangu hapo Kisoda alikuwa anatua kwa kukisia.

"Unatua kama mtu anayeshuka ngazi amebeba godoro," Kapteni alimwambia.

Mtahini alikuwa anakuja wiki iliyofuata, na huyo huja mara mbili tu kwa mwaka. Kapteni akatoa sharti: siku ya Alhamisi Kisoda atue mara tatu mfululizo bila ndege kuruka-ruka, ndipo atiliwe saini fomu ya mtihani. Akishindwa, asubiri miezi sita. Kampuni moja yenye ndege za kupeleka dawa ilikuwa imemwahidi kazi, ila haikuahidi kumsubiri miezi sita.

Siku aliyopewa sharti hilo alirudi nyumbani hakutaja nukta yoyote. Alikaa na mfuniko mapajani kama mtu aliyenyang'anywa sufuria yake.

"Shemeji," nikamwambia, "kinachokusumbua ni kiti. Na kiti ndiyo kazi yangu."

Tulipima pale pale. Kisoda alikaa, mke wangu akainua ubao wa pasi mahali pa pua ya ndege, nami nikawa namwekea mablanketi chini, moja baada ya jingine, mpaka aliposema ameiona miguu ya kabati upande wa pili wa chumba. Zilikuwa sentimita kumi na mbili.

"Ukimwekea na pa kuegemeza mikono hatashuka tena," mke wangu akasema kutoka nyuma ya ubao.

Sasa, mimi katika makochi najulikana kwa kitu kimoja, nacho ni springi. Wapo mafundi wanaojaza sponji, ukipita mwaka kiti kimelala kama karatasi. Kochi langu humpokea mtu, kisha likamrudisha juu kidogo, kama linalomwambia karibu tena. Kwa hiyo ndani ya mto wa Kisoda niliweka springi nne za chuma kizuri, nilizozitoa kwenye kochi la daktari wa meno. Juu yake nikatia turubai, juu ya turubai kitambaa cha bluu, pembeni mishono miwili miwili. Kisoda alipoukalia alirushwa juu mara tatu akicheka.

"Shemeji, huu si mto, haya ni mapumziko!"

Sote watatu tulimwona akiruka-ruka. Hakuna hata mmoja aliyewaza jambo.

Mto haukujaribiwa angani, kwa kuwa ndege ilikuwa kwa fundi wake hadi Alhamisi yenyewe. Asubuhi hiyo nilifunga duka, nikavaa koti ili nimsindikize. Koti langu ni moja, jeusi, la sufu nzito, la harusi yangu. Mke wangu hulitia dawa ya nondo kila mwezi.

"Koti hilo lirudi kama lilivyotoka," akaniambia. "Mwisho wa mwezi tuna harusi ya mtoto wa jirani."

Uwanja ni njia moja ya lami iliyopauka, banda la mabati, na ofisi yenye mizani. Pale hakuna kinachoingia ndegeni bila kupimwa, na uzito huandikwa ubaoni kwa chaki. Kapteni, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyochanwa, aliweka mto mizanini akakunja uso.

"Kilo tatu na nusu? Binti, umeficha tofali humu?"

"Ni kazi ya shemeji yangu, Kapteni. Huyu hapa."

"Karibu, fundi."

Nilimwitikia kwa kichwa, nikaendelea kutazama viatu vyangu. Kapteni akaandika ubaoni: Rubani, 47. Mkufunzi, 71. Mto, 3.5.

Wakapanda wote wawili. Ndege ikaruka, ikazunguka uwanja, ikarudi imenyooka. Kwa mara ya kwanza nilikiona kichwa cha Kisoda kizima nyuma ya kioo, si nywele tu. Nikatabasamu peke yangu. Magurudumu yakagusa lami.

Kichwa kikazama.

Kikaibuka, na ndege nayo ikainuka. Ikagusa tena, kichwa kikazama tena. Ndege ikishuka, springi zilimmeza Kisoda, akapoteza njia, akavuta usukani. Ndege ikiinuka, springi zilimrusha, akausukuma. Nilihesabu mara sita. Ile ndege ilikwenda kama chura aliyechelewa kazini. Wakaongeza moto, wakazunguka, wakajaribu tena: mara tano. Kisha wakarudi bandani, Kapteni akashuka ameshika kiuno.

"Kapteni," Kisoda akasema, akijikaza kucheka, "nilitakiwa kutua mara tatu. Si nimezidisha?"

"Ile ya kwanza ni moja, binti. Na ya pili ni moja. Umeaga kama mlevi: kwaheri, halafu kwaheri, halafu kwaheri." Mwenyewe hakucheka. Alitoa fomu mfukoni, akaikunja mara mbili. "Saa mia moja tisini na nane unazo. Lakini siwezi kukupeleka kwa mtahini namna hii."

Kisoda aliutazama mto aliokuwa ameukumbatia, akaacha kuutazama. Alikuwa ameshajua. Machozi yalimlengalenga, lakini akasema, "Ni kosa langu, Kapteni. Nimevuta mno."

Hakunitaja. Angenitaja ningenyamaza, nadhani. Kwa kuwa hakunitaja, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Springi," nikasema.

"Nini?"

"Ziko nne, Kapteni. Humo ndani. Nimezitia mimi."

Kapteni alinigeukia kama mtu aliyesikia kabati likiongea.

"Kochi linatakiwa limrudishe mtu juu," nikaendelea, na sikujua nawezaje kuendelea. "Ndege haitaki hivyo. Mimi nimemshonea kochi. Hizo kwaheri si zake, ni zangu."

Kapteni akauchukua mto, akauweka kwenye benchi la ofisini, akaukalia na kilo zake sabini na moja. Akazama. Akapanda. Kofia ikamtoka. Akakaa tena, akapanda tena. Mara ya tatu nadhani ilikuwa ni kwa raha yake.

"Ala!" akasema, akiokota kofia. Akatazama saa ya mkononi. "Sasa ni saa nne na nusu. Upepo wa mchana unakaribia. Mkinipa mto usioruka ifikapo saa tano, tunarudi hewani. Zaidi ya hapo, ni miezi sita."

Mimi sitoki bila wembe, sindano ndefu na uzi. Nikaupasua mto. Springi ya kwanza ilikwenda darini, ya pili chini ya meza, ya tatu ikaingia kwenye kikombe cha chai cha Kapteni. Ya nne niliiwahi kwa goti. Mto ukabaki kitambaa kitupu, na sponji hakuna. Kisoda akaleta magazeti; nikamwambia magazeti yanabonyea. Akaleta maboya ya kujiokolea.

"Hayo hapana, hata ukilia," Kapteni akasema.

Nikalitazama koti langu. Kisoda akaniona.

"Shemeji, usithubutu. Dada atatuua."

"Atamuua mmoja. Wewe utakuwa hewani."

Sufu ya zamani ikikunjwa vizuri na kushindiliwa haibonyei. Nililikunja koti, mikono ndani, kola katikati, nikapima. Zikapungua sentimita tatu. Kapteni akakohoa, akavua sweta lake, akanipa bila kunitazama. Nikashona kwa mkono, mishono mikubwa ya aibu, nikamaliza saa tano kasoro dakika nne. Mizani ikasema kilo mbili na robo. Kapteni akafuta ubaoni, akaandika upya.

Kutua kwa kwanza, gurudumu lililia mara moja tu, na kichwa cha Kisoda kikabaki pale pale kama kimechorwa kiooni. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Walipokuja mara ya tatu upepo ulikuwa umeanza. Niliona bawa likiinama, ndege ikayumba juu ya nyasi, nami nikanong'ona, "Ruhusa ipo. Upepo kutoka kushoto." Sikuwa nanong'ona. Nilijua hivyo pale fundi wa ndege alipotoa kichwa chini ya injini kuangalia ni nani anayepiga kelele.

Kisoda akalinyanyua bawa. Akagusa lami, akakaa.

Kapteni aliikunjua fomu akaitilia saini juu ya bawa, akitetemeka kidogo kwa baridi.

Nyumbani niliingia na shati. Mke wangu alinitazama mabegani.

"Koti?"

"Limekaliwa," nikasema.

Kisoda akamweleza yote, kwa mikono na kwa mfuniko. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Umetua?"

"Mara tatu, dada."

"Bila kuruka?"

"Bila kuruka."

Akamnyang'anya Kisoda mfuniko. Kisha akanigeukia. "Basi harusini utakwenda na shati. Na wakikuuliza koti liko wapi, sitakujibia. Utasimama ujibu mwenyewe, kwa sauti."

Kisoda alijaza saa zilizobaki, na mtahini alipokuja akaruka naye, akafaulu. Mtahini aliuliza tu kwa nini mto unanuka dawa ya nondo. Kampuni ya dawa ikamchukua, na mto ameondoka nao. Kapteni hajadai sweta.

Harusini waliniuliza. Baba wa bwana harusi, anayenijua na koti hilo, alinigeukia mbele ya meza nzima: "Fundi, leo umekuja kama mtu wa nyumbani?" Nilimtazama mke wangu. Mke wangu akatazama sahani yake.

Nikasimama.

"Koti liko kazini," nikasema, na meza za nyuma nazo zikasikia. "Liko kwa shemeji yangu. Wiki hii limeshapeleka dawa mara nne."

Kisha nikatazama kiti vizuri, nikakaa.