Gramu Ishirini za Udongo wa Walungu

Mwaka wa tatu wa doktora yangu niliumaliza nikitafuta karatasi. Hakuna aliyenionya kwamba kemia ingenifikisha huko.

Chuo chetu hapa Bukavu kilikuwa kimetia sahihi mkataba wa ushirikiano na chuo kimoja cha Ulaya. Nilikuwa asistanti, nasimamia mazoezi ya labo ya mwaka wa kwanza, nikachaguliwa kuwa mwanafunzi wa kwanza wa mpango huo. Utafiti niufanyie hapa, vipimo vikubwa vifanywe kule, na maprofesa wawili waniongoze, wa hapa na wa kule. Nilitengeneza kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia huku chenyewe kikibaki kilivyo. Changu kilikuwa udongo mwekundu wa kule Walungu uliochanganywa na majivu ya maganda ya ndizi, ukachomwa katika tanuri la labo hadi ukawa unga. Kwa unga huo niliyageuza mafuta ya mawese yaliyochoka kwa kukaangia kuwa mafuta ya kuendeshea jenereta. Kwamba ulifanya kazi, nilijua. Kwa nini ulifanya kazi, hapo ilihitajika mashine ya kupima vitundu vidogo mno ndani ya unga, nayo haiendi bila nitrojeni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Bukavu hatuna.

“Nitumie gramu ishirini tu,” profesa wa kule aliniambia katika mkutano wetu wa Jumanne, kwenye kompyuta. “Kifurushi hakichukui hata wiki.”

Alisema kwa wepesi, kama mtu anayekutuma chumvi duka la jirani.

Nikapeleka vifuko vitatu kwenye biro, yaani ofisi, ya kusafirisha vifurushi. Dada wa mapokezi alikiinua kimoja kwenye mwanga.

“Maman, hii unga iko nini?”

“Iko udongo.”

“Udongo ya wapi?”

“Ya Walungu.”

Akakiweka chini taratibu. “Leta kwanza karatasi ya watu wa madini. Waandike kama haiko madini.”

Sikubishana. Katika jimbo letu, ambako kila mtu anajua dhahabu inayochimbwa Luhwindja, unga ndani ya kifuko lazima uulizwe ulikotoka. Nikapanda kilima hadi biro ya madini. Shefu, mkuu wa pale, muzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliisoma barua ya chuo mara mbili.

“Hii iko madini?”

“Hapana, papa.”

“Sasa kama haiko madini, unakuya kwetu kufanya nini? Sisi tunaandikaka madini tu.”

Nikarudi kwa yule dada. Akaniambia bila karatasi hawezi. Nikarudi kwa shefu. Akaniambia karatasi ya kitu ambacho hakiko madini haipo, hajawahi kuiona. Nilikwenda hivyo majuma mawili, kati ya vipindi vya kufundisha, na viatu vyangu vya kazini vikaachia soli kwenye matope. Profesa wetu wa hapa alinishauri nivumilie. Wa kule aliandika kwamba zamu yangu kwenye mashine imepita, na kwamba anatumaini ninaupa mradi “uzito unaostahili”. Nilimjibu kwa kuomba radhi. Nilipoisoma tena barua yangu nikaona nimeomba radhi mara tatu, kwa makosa ambayo hayakuwa yangu hata moja. Hilo liliniuma kuliko kilima.

Safari ya nne kwa shefu nilibeba glasi na chupa ya maji ya oksijeni kutoka famasia, yale ya kusafishia vidonda, nimwonyeshe unga wangu ni wa kazi gani. Nikatia kijiko cha unga ndani ya glasi, nikamimina. Povu likapanda hadi mdomoni mwa glasi. Shefu akavua miwani.

“Angalia, papa. Povu itaisha, na unga itabakia chini vile vile. Haiishake. Hiyo njo kazi yangu.”

Tukangoja. Povu likatulia, unga ukabaki chini, mwekundu. Akainusa glasi.

“Basi iko dawa,” akasema. “Wende kwa biro ya afya.”

Nikaketi bila kukaribishwa.

“Papa,” nikasema, “niko na watoto wawili, na miaka tatu yangu iko ndani ya hizi vifuko. Sitaenda kwa biro ingine. Andika kile umeona na macho yako.”

Hakukasirika. Nadhani naye alikuwa amenichoka. Akachukua karatasi, akaandika polepole, kisha akanisomea: udongo wa kawaida, usio na thamani yoyote.

“Iko muzuri?”

Udongo ule niliuchimba mwenyewe, nikauchuja, nikauchoma tena na tena hadi nikalipata joto linaloufaa.

“Iko muzuri, papa. Piga kashe.”

Akapiga muhuri. Dada wa vifurushi aliisoma karatasi, akatikisa kichwa kukubali, na vifuko vikaondoka siku hiyo hiyo.

Majibu yalikuja baada ya majuma mengi. Vitundu vilikuwa vingi kuliko nilivyothubutu kutumaini. Profesa wa kule alituonyesha mchoro kwenye kompyuta, uso wake umejaa furaha, akaniuliza kama nami nimefurahi. Nikamwambia nimechoka. Nikamwambia mkataba wa mwanafunzi anayenifuata umtengee mwezi mmoja wa kutafuta karatasi, na usihesabiwe kama uvivu.

Akacheka, akidhani natania. Mimi sikucheka. Profesa wetu wa hapa alianza kukohoa, kisha akasema, “Anasema kweli.” Halafu nikasikia vidole vya yule wa kule vikiandika.

Mwanafunzi wa pili ameanza mwaka huu. Nimeusoma mkataba wake. Mwezi huo umeandikwa, ingawa wameuita “muda wa maandalizi”.