Kochi la Kaka Mkubwa

Fundi wetu wa makochi hajui kusema pole. Nimemshonea vitambaa miaka mingi, mimi na cherehani yangu kando ya mlango, yeye na nyundo yake katikati ya karakana, kwa hiyo ninayosema nayajua. Ukimwambia una homa, anakuuliza kama umemeza dawa. Ukimwambia umefiwa, anakuuliza kama jeneza limepatikana. Kwake kila jambo limelegea mahali fulani, likazwe, kazi iishe. Sisi tunamwita Kaza, na anaitika.

Mke wa kaka yake alipofariki, Kaza alijituma kweli. Alihangaika na maturubai, viti vya kukodi na usafiri wa wageni, hata akagombana na mtu wa vipaza sauti. Mazishi yakapita bila dosari. Wageni walipoondoka ndipo kazi ilipomshinda, maana kaka mkubwa alibaki peke yake ndani ya nyumba ile, dereva mstaafu wa malori, hali chakula, haongei, salamu anaitikia kwa kichwa. Kaza alikuwa akimpitia kila akifunga kazi. Anamwambia, "Kaka, jikaze." Kaka anatikisa kichwa. Anamwambia, "Kaka, kula kidogo." Kaka anashika kijiko, anakirudisha. Asubuhi Kaza anakuja kazini amenuna, anapigilia misumari utadhani ana ugomvi nayo.

"Namwogopea," aliniambia siku moja. "Huyu ataniponyoka hivi hivi namwona. Wazazi hatuna, dada hatuna. Nimebaki na yeye tu."

"Umewahi kumwuliza habari za marehemu?"

"Nimkumbushe ili iweje? Na wewe nawe!"

Nikarudi kwenye cherehani. Mimi kazi yangu kushona.

Sasa sikia alichofanya. Sebuleni kwa kaka yake kuna kochi la watu wawili, alilowatengenezea Kaza mwenyewe walipooana. Upande mmoja ulikuwa umebonyea vibaya, ukikaa unahisi mbao. Ndio upande aliokuwa akikalia shemeji yake. Kwa macho ya Kaza, kochi lile lilikuwa linamtia aibu, na alichofikiri ni kwamba mtu mwenye huzuni angalau akae vizuri. Siku kaka alipokwenda kliniki kupimwa presha, Kaza akachukua ufunguo kwa jirani, akalileta kochi karakana kwa mkokoteni. Tukalifumua. Sponji mpya, mikanda mipya, na kitambaa cha kijani nilichokichagua na kukishona mimi mwenyewe, kikatoka bomba. Jioni likarudishwa mahali pake.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe kesho yake. Alimsubiri kaka yake pale pale sebuleni, ametabasamu kama bwana harusi. Kaka akaingia, akaliona, akaenda moja kwa moja upande wa marehemu. Akaweka kiganja, akabonyeza. Sponji ikainuka. Akabonyeza tena, ikainuka tena.

"Umemtoa," akasema.

"Nimetoa nini, kaka?"

"Toka nyumbani kwangu."

Tangu hapo mlango haukumfungukia. Akibisha, kimya. Akipiga simu, inakatwa. Jirani akatuambia kaka sasa analala sakafuni, na kochi kalisukumia ukutani, uso umegeukia huko. Kaza alikosa hata pa kuweka macho. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye, tena na mimi mwenyewe, maana kitambaa kile nilikishabikia mno na hakuna kati yetu aliyejiuliza swali hata moja.

Halafu asubuhi moja kaka akatokea karakana, vifungo vya shati vimepishana. Hakusalimu.

"Sponji ya zamani iko wapi?"

Kaza akanitazama. Mimi nikaitazama sindano yangu. Katika kazi yetu sponji kuukuu haitupwi, inachanwachanwa na kujazwa kwenye mito. Ya shemeji ilikuwa imeshachanwa, na mito imeshauzwa.

"Nimeichana, kaka." Hakudanganya, namsifu kwa hilo. "Haipo."

Kaka akajiachia juu ya kreti la soda, kichwa mikononi. Nikamwona Kaza ameshika nyundo na hajui aigonge wapi. Mwishowe akaiweka chini, akachuchumaa mbele ya kaka yake.

"Ila niliiona wakati naitoa," akasema. "Sponji yake ilikuwa imekwisha ukingo mmoja tu, huu wa kuelekea kwako. Ukingo wa nje bado mzima kabisa. Miaka yote ile shemeji alikuwa anakuegemea wewe."

Hata mimi nikaacha kukanyaga cherehani.

Kaka akainua uso. "Kuniegemea mimi? Soketi ya umeme si iko upande wangu! Simu yake ilikuwa haitoki kwenye chaji. Alikuwa ananilalia begani ili waya ufike, nikijisogeza tu ananiambia, 'Tulia wewe, hapa si kwenye lori.'"

Akacheka. Kicheko hakijaisha, akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, machozi na kamasi, wapita njia wakachungulia. Kaza akafungua mdomo, nikajua anataka kusema jikaze. Nikamkata jicho. Akaufunga, akaweka mkono kwenye goti la kaka yake, akauacha hapo.

Akaingia mama wa saluni kuulizia viti vyake. Nikamwambia arudi kesho.

"Lakini mlisema leo!"

"Tulisema, mama. Leo hatupo."

Akatutazama sote watatu tuliopo, akaguna, akaenda zake.

Kaka akajipangusa uso kwa kipande cha kitambaa nilichompa. "Watu wanakuja pale wananiambia nishukuru Mungu, nisiwaze sana," akasema. "Jina lake likiwatoka wanashtuka, wananiomba radhi kama wamenivunjia glasi. Hakuna hata mmoja anayeniuliza alikuwaje."

Kaza alimjua shemeji yake tangu siku ya harusi. Alikula kwake na kutaniana naye miaka yote ile. Akavuta kreti lingine, akakaa.

"Alikuwaje?" akauliza.