Baba Asoma Herufi

Kazi yangu ni kupima macho, hasa namna yanavyosumbuliwa na mwanga mkali. Kwanza mgonjwa anasoma herufi kwenye skrini bila taa. Kisha ninamshikia jichoni kibakuli cheupe chenye taa ndani na tundu katikati, anachungulia tunduni na kusoma tena. Mwenye mtoto wa jicho herufi zinampotea, kwa sababu mwanga unatawanyika ndani ya jicho kama kwenye kioo cha gari chenye vumbi. Ninaandika alizopata, daktari anaamua kama atibiwe na kama aendelee kuendesha gari. Nimeifanya miaka mingi hapa Minneapolis na sikuwahi kurudi nayo nyumbani.

Februari moja akaja baba kupimwa. Mwanangu alikuwa ameniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba babu akimpeleka shule na jua likipiga theluji, husimamisha gari katikati ya barabara na kungoja. Nilimsikia, nikaendelea kuosha vyombo. Tangu tulipomzika mama nilikuwa hivyo, kila habari ilinifikia ikiwa imeshapoa. Kila Jumapili baba aliendesha gari peke yake kutoka kwetu Lakeville, kitongoji kisicho na basi la kutegemea, hadi kanisa la Wakenya kule Brooklyn Park, upande wa pili wa jiji. Mimi nilikuwa nimeacha kwenda. Mtu wa Lakeville ukimnyang'anya gari umemfungia ndani, na baba alilijua hilo kuliko mimi.

Mwenzangu aliyepaswa kumpima alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nikampima mwenyewe. Bila taa alisoma vizuri, polepole, kwa sauti yake ile ya ualimu. Nikabadilisha herufi, nikamshikia kibakuli, nikawasha. Akasoma mistari yote bila kusita.

Hazikuwa herufi zilizokuwa kwenye skrini. Zilikuwa za mama mmoja niliyempima kabla yake, aliyesoma kwa sauti kubwa mlango ukiwa wazi na baba ameketi nje. Baba alikuwa amezikariri.

Huyu ndiye aliyenifundisha darasa la sita. Siku moja alinikamata nikimwangalizia jirani yangu kwenye mtihani wa hesabu, akanipa sifuri, mimi mtoto wake wa kumzaa, akanisimamisha mbele ya wenzangu hadi kengele ikalia. Nilipaswa kumkasirikia sasa, au kumhurumia. Sikuhisi kitu. Mkono tu ulikuwa umechoka kushika kibakuli.

"Baba," nikasema, "hizo ni za yule mama aliyetoka."

Nikazima taa. Akapepesa macho.

"Darasa la sita nilikupa ngapi?"

"Sifuri."

"Basi andika, mwalimu."

Nikaandika. Akatoa funguo za gari mfukoni na kuziweka juu ya fomu, upande wangu.

Tulirudi na gari langu, yeye kiti cha abiria, mikono magotini, theluji ikimeremeta pande zote. Tulipokaribia nyumbani aliniuliza, akitazama dirishani, kama najua siku hizi ibada huanza saa ngapi. Aliniuliza mimi, na Jumapili iliyopita alikuwa huko mwenyewe.

Nikamwambia ni saa nne, kwa hiyo tutatoka saa tatu. Macho yakanijaa machozi. Nikaweka gari kando ya barabara, nikangoja hadi nione tena.