Kamati Mbili Sebule Moja

Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawakai sebule moja. Akiingia huku, wewe unatokea kule, na kukiwa na neno linapitia kwa binti. Nimezeeka na desturi hiyo na sijaona ubaya wake. Lakini fleti ya binti yangu hapa Doha, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ina vyumba viwili na mlango mmoja, na nililetwa kulea wajukuu kwa viza ambayo mkwe wangu ndiye mdhamini. Akivua viatu mlangoni, mimi nahamia jikoni. Nimejua kila kigae cha jiko hilo.

Kitindamimba wangu anawania kiti cha wadi nyumbani. Mkwe akaanzisha kamati ya Wakenya wa Doha ya kumchangia. Walikutana Ijumaa sebuleni kwetu, mapazia yamefungwa, maana mikutano ya siasa katika nchi ya watu si kitu cha kuchezea. Jirani akiuliza, ni maombi. Mimi napika chai, napitisha vikombe kwa mjukuu. Michango ilienda vizuri mpaka ikagonga kiwango ambacho sheria ya pesa za kampeni inaruhusu kamati moja impe mgombea mmoja.

Basi mkwe akaja na akili mpya. Ijumaa iliyofuata ikazaliwa kamati ya pili, ati ya mtaa wa Abu Hamour, ati haina uhusiano wowote na ile ya kwanza. Watu ni walewale: sekuriti wa hoteli, dereva mmoja, manesi wa kazini kwa binti yangu. Viti ni vilevile, na chai ni yangu ileile. Ila mwenyekiti ilibidi awe mwingine, tena mtu ambaye wachangiaji hawatamtilia shaka. Wakanichagua mimi nikiwa jikoni. Mama mzazi wa mgombea! Na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu.

Nikamwita binti yangu.

"Mwambie mumeo sikitaki hicho kiti."

"Mama, ni jina tu. Hutafanya chochote."

"Na jina langu nililiokota?"

"Ukikataa atasema humtakii kaka mema. Na tikiti yako ya kwenda nyumbani kupiga kura ni yeye anakata. Mama, tafadhali. Mimi ndiye nalala naye."

Ningemwendea nani? Nje jua linachoma hata kupitia viatu, Kiarabu sijui, na kila Mkenya niliyemfahamu mji huu alikuwa kwenye kamati moja au nyingine, yaani zote mbili. Wiki nzima mkwe alinitumia kupitia kwa mkewe majibu ya kukariri, ya kumpa mkaguzi wa kamati, kana kwamba mimi ni mtoto anayeenda kipaimara.

Siku ya kuhojiwa ikafika. Mwanangu alikuwa na wakili nyumbani wa kukagua wachangiaji, naye akatupigia simu ya video. Wakili mwenyewe kisichana, lakini macho makali.

"Chair, sogea mbele," sekuriti akasema. "Kamera inapenda wazee."

"Inapenda wenye meno," dereva akamjibu, wakacheka.

Mkwe alisimama nyuma ya simu akitazama ukuta. Hata hapo hakunitazama usoni, heshima hiyo sikatai.

Wakili akaongea nami taratibu. "Mama, sheria haiangalii jina la kamati. Inaangalia nani aliianzisha, nani anachagua viongozi wake, nani anaiagiza. Kamati mbili zikiwa chini ya mtu mmoja zinahesabiwa kamati moja, na kiwango chake ni kimoja. Kikizidishwa kwa ujanja, mgombea anaweza kuondolewa. Sasa niambie, mgombea unamjua?"

Jibu nililofundishwa lilikuwa kwamba namsikia tu.

"Nimemzaa," nikasema.

Dereva akakohoa.

"Na hicho kiti cha mwenyekiti alikupa nani?"

Sijawahi kumshtaki mkwe wangu mbele ya watu, wala mama yangu hakuwahi. Lakini nilimwona mwanangu akifutwa kwa uongo wa mdomo wangu mimi.

"Mume wa binti yangu. Kamati ile ya kwanza ni yake pia. Amesimama hapo nyuma ya simu."

Mkwe akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. "Mama, umemmaliza mtoto wako."

"Nilikutumia neno kwa mkeo. Hukulisikia."

Wakili akazihesabu kamati moja, na kilichozidi kikarudishwa kwa wenyewe. Jioni mwanangu akapiga.

"Mama, wenzangu wana magari ya vipaza sauti. Mimi nina pikipiki ya kuazima."

"Ipande."

"Usinichekeshe. Umeniaibisha mbele ya wakili wangu."

"Bado uko kwenye kinyang'anyiro?"

"Niko."

"Basi."

Akakata simu.

Tikiti haikukatwa. Binti yangu haitaji, nami siiulizi. Uchaguzi utanikuta humu ndani, na huku ughaibuni turuhusiwacho ni kumpigia kura rais peke yake. Viti vya wadi havijulikani. Nimemwandikia mwanangu kwamba kura ya mama yake hataipata, aitafute kwa mtu mwingine. Ameusoma ujumbe.