Seva Iliyoifungia Ofisi Yetu Nje

Hasira bado inanichemka, na mpumbavu ni mimi mwenyewe. Juzi, ofisini kwetu Gisenyi, mpakani na Congo, umeme ulikatika, lakini mimi kwa kiherehere sikusimama. Kwa betri ya kompyuta nilimalizia faili la maelekezo linalojenga seva mtandaoni. Humo niliandika kwamba seva ifungukie intaneti ya ofisi yetu tu. Nikanakili humo anwani ya intaneti niliyokuwa nikitumia, iwe ndiyo pekee inayoruhusiwa, nikajiona bingwa.

Jana bosi akaleta wageni waione. Seva ikakataa kufunguka. Nikaifuta, nikaijenga upya kwa faili lilelile. Ikakataa tena! Nikamgeukia Espérance, mwenzangu wa meza ya pili, nikafoka mbele ya wote: "Umegusa faili langu!"

Espérance alitoa simu yake, akamwonyesha bosi. "Patron, kwangu iko inafunguka."

"Haiwezekani!" nikapiga kelele. "Ni ya ofisi tu!"

"Mi niko kwa laini ya Congo. Juzi umeme ilikatika, si we uliomba intaneti ya simu yangu?"

Kumbe anwani niliyonakili ilikuwa ya simu yake, si ya ofisi! Wageni wakisubiri, nikamnong'oneza aniwashie tena intaneti ya simu yake.

"Bon. Omba kwanza pardon, na ile sauti yenye ulinifokea nayo."