Ukungu Uliorudi Machoni mwa Bibi

"Kama mtoto wa jicho walimtoa, huu ukungu umetoka wapi tena?"

Bibi aliniuliza hivyo barazani kwake, juu kidogo ya Lushoto mjini, asubuhi ya jua kali. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu afanyiwe upasuaji. Siku aliyofunguliwa bandeji alimkazia macho mdogo wake, akacheka: "We! Kumbe mvi zimekujaa hivyo? Na mimi nilidhani nasalimiana na kijana!" Akarudia kuchambua maharage yake na kusoma kitabu cha nyimbo kanisani. Sasa alikuwa anapapasa ukuta tena.

Nilikuwa nimetoka kumaliza chuo, na kila jambo nilitaka sababu yake. Hili sikuwa na jibu lake, basi nikatafuta mkosaji.

"Bibi, uliambiwa ukae mbali na moshi wiki ngapi?"

"Nne."

"Ukakaa?"

Hakukaa. Wiki ya kwanza tu majirani walikuja kumpa pole, na yeye mgonjwa mwenyewe akaingia jikoni kupuliza kuni mbichi awapikie. Kwetu mgeni haondoki hajala, hata aliyekuja kukujulia hali.

"Basi umejiharibia mwenyewe," nikasema.

"Haya, mwalimu wangu," akajibu, akageuza uso.

Nilipotaka kumrudisha hospitali alikataa. "Nikamwambie nini yule daktari? Kwamba kazi yake nimeiharibu kwa ajili ya ugali?" Nilimsihi, shangazi akamsihi. Hakwenda. Aliishi na aibu hiyo, haoni vizuri, mpaka tukamzika.

Mwaka jana mama naye alifanyiwa upasuaji kama ule, nikamuuliza daktari wake. Alinieleza kwamba lenzi ya jicho iliyochafuka ikitolewa, kifuko chake chembamba huachwa ili kibebe lenzi ya bandia. Chembe hai za lenzi ya zamani zikibaki humo, huota taratibu na kutia ukungu nyuma ya lenzi mpya. Ndiyo maana daktari hukisafisha kifuko kwa makini, na huchagua lenzi yenye ukingo mkali unaozizuia zisipenye. Hata hivyo wapo ambao ukungu huwarudia, na si kwa kosa lao wala kwa moshi wa kuni. Hao hutobolewa tundu dogo kwenye kifuko kwa mwale wa leza, dakika chache tu, wakarudi nyumbani siku hiyohiyo.